Taa Zilizotaka Miguu Mitatu

Naanza na wenye makosa, kwa sababu watu wakisimulia habari yangu huanza na ukungu. Ukungu haukuwa na kosa. Ulikuwepo juu ya mlima ule wa kwenda Chunya kabla ya barabara, na mpaka leo upo. Wenye makosa ni watu. Wa kwanza ni tajiri mwenye lori. Wa pili ni fundi wake wa umeme pale Mbeya. Wa tatu nitamfikia baadaye, maana ni wa nyumbani kwangu, na mke wangu akisikia nimemweka safu moja na wale wawili, leo nitalala na njaa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dereva. Shule sikukaa sana. Nilijua kuandika jina langu na kusoma vibao vya barabarani, na kwa kazi ile ilitosha. Kwetu ni upande wa Kalenga, Iringa, lakini ajira niliipata Mbeya, kwa tajiri aliyepeleka unga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa wachimba dhahabu wa Makongolosi. Barabara yake inaanza kupanda hata hujatoka mjini vizuri. Inapanda, inapinda, inapanda tena, mpaka baridi inaingia kwenye meno. Upande mmoja una mlima, upande wa pili hauna kitu.

Utingo wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Si kijana, mtu mzima na ndevu zake, baba wa watoto, aliyekuwa amechoka kupasua mbao kule Sao Hill. Siku alipofika Mbeya, mke wangu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Mama amebakiwa na mwanamume huyu mmoja tu," aliniambia. "Nakukabidhi mzima. Unirudishie mzima."

"Kwani nampeleka vitani?"

"Usinichekee. Lori lenyewe ni lile lisilo na breki ya mkono."

Hata yeye alijua. Mbeya nzima ilijua. Ile fimbo ya breki ya mkono ulikuwa ukiivuta inakuja yote, ukiiachia inarudi yote, na lori halina habari. Kila niliposimama mlimani ilibidi nikae na mguu juu ya breki ya chini, shemeji aruke na kabari la mti, alisukume nyuma ya tairi, agonge bodi mara mbili, ndipo niachie. Kwa hiyo breki ya mkono ya lori lile alikuwa ni shemeji yangu. Nilimwambia tajiri mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Kabari si mnalo?"

Na betri nayo ilikuwa imekufa. Asubuhi tulikuwa tunawasha kwa hendeli, tunapokezana mpaka migongo inalia. Taa za mbele zilikuwa kama koroboi mbili zimefungwa kwenye bampa. Nilikuwa sioni shimo mpaka niwe ndani yake. Basi nikaomba taa. Nasema wazi kwamba niliomba mimi, kwa kinywa changu, lakini niliomba taa na betri. Vitu viwili, kwa pamoja.

Tajiri akasafiri kwenda Iringa, akarudi na taa mbili kubwa, pana kama sinia, zilizotoka kwenye gari la mlowezi mmoja wa Mufindi. Betri hakuja nayo. Fundi akazifunga siku nzima, na magharibi watu wakajaa uani kutazama. Fundi akapanda, shemeji akazungusha hendeli, injini ikashika, fundi akakanyaga mafuta. Loo! Ukuta wa ghala ukawa mweupe, ungeweza kuhesabu matofali. Kuku waliokuwa wameshalala wakashuka kwenye mti.

"Shemeji," akaniambia utingo wangu, "sasa utaona mpaka dhambi zako."

"Za kwako ndizo zitaziba barabara," nikamjibu, na watu wakacheka.

Nikamwambia fundi, "Hebu toa mguu kwenye mafuta."

"Nitoe wa nini?"

"Toa tu."

Akatoa. Injini ikashuka, ikawa inanguruma kwa chini, na zile taa zikashuka nayo. Zikawa njano, zikawa nyekundu kama kaa linalokufa, ukuta ukapotea. Taa kubwa zilikuwa zinakula kuliko zile za zamani, na bila betri zilikuwa zinakula kwa dainamo peke yake, ile inayozungushwa na injini. Dainamo ikizunguka upesi, zinawaka. Ikizunguka polepole, hakuna taa.

"Fundi, nikisimama je?"

"Dainamo inatosha," akasema, hata hakunitazama. "Wewe kazi yako usukani."

Nikamgeukia tajiri. "Mzee, bila betri hizi ni pambo."

Tajiri akacheka na wale watu, akauliza kwa sauti ili wote wasikie, "Kwani wewe unaendesha gari lililosimama?"

Wakacheka sana. Hata shemeji alicheka. Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Safari chache za kwanza sina la kusema, taa ziliniokoa. Ukienda kwa gia ndogo injini inapiga kelele, dainamo inazunguka, barabara yote iko wazi mbele yako. Shida ilikuwa kupungua. Ukifika mahali pabaya, mwili wote unakwambia punguza, na ukipunguza giza linaingia. Ukitaka kuona lazima ukimbie. Nilijifunza kuendesha hivyo, meno yameumana, na shemeji akiwa pembeni anaimba kwa Kihehe ili asionekane anaogopa.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tuliondoka tumechelewa kwa sababu tajiri aliongeza magunia. Jioni, giza halijaingia bado, tukaukuta ukungu juu kabisa, mzito, umekaa barabarani kama ng'ombe. Nikawasha taa kubwa, gia ya kwanza, injini inalia. Tukapita kona moja kali. Mbele kidogo udongo ulikuwa umeporomoka kutoka mlimani, umekula upande wetu wote wa barabara. Nikauzunguka nusu, nikaingia upande wa wanaoshuka, tairi za nyuma zikaanza kuteleza. Zinazunguka tu, haziendi. Nikakanyaga breki na klachi kabla lori halijaanza kurudi.

Taa zikazimika.

Sasa nieleze vizuri, maana hapa ndipo waliponigeuzia maneno. Mguu wa kushoto ulikuwa kwenye klachi. Nikiuachia, injini inazimika, na gari lisilo na betri likizimika mlimani limekwisha. Ningetoa gia, mguu ule ungepumzika, lakini fimbo ya gia ya lori lile ilikuwa ikigoma, na gari likiwa limekaza kwenye mlima haikutoka. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye breki. Taa zilitaka mguu kwenye mafuta. Lori lilitaka miguu mitatu, na mimi Mungu alinipa miwili. Nilijaribu kukanyaga breki kwa kisigino na mafuta kwa vidole. Pedeli zilikuwa zimeachana. Nilipogusa mafuta tu, breki ililegea na lori likarudi kidogo.

"Weee!" shemeji akapiga kelele huko nyuma. Alikuwa ameshashuka na kabari na jembe. "Unataka kunilaza?"

"Weka upesi!"

"Tope hili! Kabari linateleza! Nichimbe kwanza!"

Nikamsikia anachimba. Kila jembe likitua nalisikia kwenye kiti changu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya tairi, magunia yote yale juu ya kichwa chake, na kati yake na hayo yote kuna mguu wangu tu. Nikaushika gotini kwa mkono, nikaukandamiza.

Hapo nikasikia lori jingine. Juu yetu, linashuka. Huwezi kukosea sauti ya lori linaloshuka, injini inavuta nyuma, inakoroma. Nikapiga honi. Honi nayo inakula umeme. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikafungua mlango, nikapiga kelele kwenye ukungu. "Oyaa! Simama! Kuna gari!" Sauti yangu naisikia inarudi kwangu mwenyewe.

Dereva yule angeona taa zile kubwa angekuwa na nafasi ya kusimama. Zilikuwa pale mbele yangu, nzima, mpya. Nilihitaji kuhamisha mguu kutoka hapa kwenda hapa, upana wa kiganja.

"Shemeji! Toka hapo nyuma!"

"Bado kidogo!"

"Toka, gari linakuja!"

Sijui alisikia nini. Lori la juu lilikuwa linakoroma, upepo unavuma. Nililosikia mimi ni sauti yake, na haikuwa na utani tena: "Usiachie! Shemeji, usiachie!"

Sikuachia.

Lori lile lilitokea kwenye ukungu kwanza kama kivuli, kisha kama ukuta. Dereva wake alijitahidi, namshukuru, alikata kuelekea mlimani, ndiyo maana hakutupeleka korongoni. Lakini pembe yake ya kulia iliingia kwenye pembe yangu ya kulia. Bati likaja ndani, likaubana mguu wangu palepale ulipokuwa, juu ya breki. Lori letu lilitikisika, halikurudi nyuma hata kidogo. Lilizuiliwa na mguu uliokwisha vunjika. Shemeji alitambaa kutoka nyuma ya tairi, akaja dirishani, tope mpaka machoni. Hakuwa na mchubuko. Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama yu mzima. Cha pili sikumbuki.

Mguu waliukata Mbeya, juu ya goti. Nikiwa bado nimelala hospitali, mambo yakasemwa bila mimi. Taa ya kushoto haikuwa imepata hata ufa. Fundi aliifungua, akaipeleka kwa afisa wa polisi, akaifunga kwenye betri nzima ya gari jingine, ikawaka kweupe. "Mnaona wenyewe," tajiri akasema. "Nimemnunulia taa bora kuliko zangu. Hakuwasha."

Afisa alikuja kitandani kwangu. Nilimweleza habari ya miguu mitatu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza polepole kama mtu anayesema na mtoto, "Kwa hiyo ulikuwa na taa nzuri, na kwenye ukungu hukuwa umeziwasha?"

Leseni ikaenda. Na ile taa ya kushoto tajiri akaifunga kwenye gari lake dogo.

Sasa wa tatu. Afisa alimwita shemeji pia, akamuuliza jambo moja: taa ziliwaka au hazikuwaka? Akasema hazikuwaka. Basi. Hakusema habari ya betri, hakusema breki ya mkono, hakusema ni nani aliyepiga kelele usiachie. Na mvua zilipokwisha, tajiri aliponunua lori jipya, aliyepewa usukani ni yeye.

Mimi nilirudi Kalenga, nikakaa kukata ndara za matairi. Siku moja mchana nikasikia lori linapanda kwenye kilima chetu. Likasimama mlangoni, na kabla injini haijazimwa nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye gari la tajiri yule: krrrk, breki ya mkono imevutwa na imeshika. Shemeji akashuka na gunia la mchele wa Usangu begani.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Inashika hiyo?"

Alijua nauliza nini. "Inashika."

"Ya gari jipya lazima ishike."

"Haikuwa inashika. Lori hili walilinunua limetumika." Akaweka gunia chini. "Nilimwambia tajiri, bila breki ya mkono na betri mimi sipandi."

"Akakubali?"

"Akakubali."

"Hakuuliza kwa nini?"

Akafuta jasho kwa muda mrefu kuliko jasho lenyewe. "Alijua kwa nini."

"Na afisa?"

"Afisa aliniuliza taa. Nikamjibu taa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nina watoto, shemeji."

"Mimi ninao mbwa?"

"Kuleni kwanza," mke wangu akasema kutoka jikoni, na sahani akaziweka kwa kishindo. Tukala. Hakuna aliyesema mzaha. Sisi wawili, ambao zamani tulikuwa hatumezi tonge bila kutaniana.

Alipotoka ili aondoke, akasimama nyuma ya lori akacheka kidogo. Mke wangu alikuwa amekwenda, sisi tukiwa tunakula, akatia jiwe kubwa nyuma ya tairi.

"Dada, breki ipo."

"Najua ipo," mke wangu akasema. "Toa jiwe uende."

Shemeji akapiga magoti nyuma ya tairi, akaanza kulivuta. Lilikuwa limekaza, likamchukua muda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkongojo, sitaki kutazama, natazama. Na mguu wangu wa kulia, ule waliouzika Mbeya, nikausikia unakanyaga, unakanyaga kwa nguvu zake zote, mpaka alipoinuka na jiwe mikononi akatoka pembeni.