Kichwa cha Bembea Kielekee Wapi

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeumba mashariki na magharibi na vyote vilivyo kati yake, Asiyesinzia wala kulala, na aliyetupa sisi viumbe vyake neema ya usingizi. Nikiikumbuka neema hiyo nacheka peke yangu, mpaka wajukuu wanadhani babu yao amepatwa na jambo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi wa Kivinje tulikuwa tumeshazoea kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mara lori likashusha makreti mbele ya nyumba kuukuu iliyofungwa muda mrefu: sabuni, vitenge, maziwa ya kopo. Mwenye mali alikuwa Mhindi, Banyani kama tulivyowaita watu wa dini ya Kihindu, mtoto wa mwenye duka wa zamani. Alikuja na mama yake, bibi mwembamba aliyezaliwa mtaa uleule, na Kiswahili chake cha Kivinje kilitushinda wengi wetu.

Makreti hayakufunguliwa. Kwanza mama apate bembea. Kwao bembea pana ya mbao hutundikwa sebuleni, mtu hukaa humo, huzungumza humo, na akizeeka hulala humo. Mimi nilikuwa seremala, na alasiri nikifundisha watoto Qur'ani chuoni. Nikaitwa.

Nilichonga mninga mzuri, nikainua upande mmoja kama mto wa kulalia. Sasa, kwetu pwani hii kibla ni kaskazini, na fundi mwenye adabu hawezi kumlaza mtu miguu ikaelekea huko. Basi kwa heshima zote kile kichwa cha bembea nikakiweka kaskazini.

"Shikamoo, mama. Kazi imekwisha, karibu ulale."

"Marahaba, fundi." Akatazama bembea, akatazama dirisha lenye jua, akapiga ukelele. "Fundi! Umeniua!"

"Nimekuua vipi, mama?"

"Kwetu anayelazwa kichwa kaskazini ni maiti! Geuza!"

"Nikigeuza, miguu itaelekea kibla."

"Miguu ni yangu!"

"Mkono unaogeuza ni wangu, mama."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Mama hajalala tangu tufike," alisema. "Asipopata usingizi nyumba hii, Ijumaa napakia makreti narudi Dar."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alinipokea kwa kunionyesha beseni la nguo.

"Yaani miguu ya bibi wa watu, myembamba kama vijiti, ndiyo iturudishe kwenye mpapai?"

"Si miguu yake, ni mkono wangu."

"Vizuri. Huo mkono ndio utakaofua."

Kesho yake nilirudi. Bibi alikuwa kwenye kiti, ameshika tama, akiisukuma bembea tupu kwa kidole cha mguu. Nilimuuliza kama dini yake inasema lolote juu ya usingizi. Ewe msomaji, nilifungua bomba!

Alisema kabla ya dunia hii palikuwa na maji tu, bahari nyeupe ya maziwa, na mungu wao amelala juu ya joka lililojikunja kama godoro. Kitovuni mwake likachipuka yungiyungi, na ndani ya ua hilo akakaa muumbaji, akaanza kuumba. Mchana mmoja wa muumbaji huyo ni miaka isiyohesabika. Usiku wake ukiingia ulimwengu hurudi majini, kukicha huzuka mwingine.

"Unakwenda, unarudi," alisema, na bembea ikaenda, ikarudi.

"Sisi wetu unakwenda mara moja tu, mama, kisha hesabu."

"Ndiyo maana mna haraka!"

Nikamwambia sisi nasi tumefundishwa kwamba Arshi ya Mola, kiti Chake cha enzi, ilikuwa juu ya maji, ila Yeye halali. Akasema, "Haya, basi kwenye maji tumekutana."

"Na huyo wenu akilala, nani anaangalia mambo?"

"Mkewe yupo. Anamkanda miguu."

"Miguu tena!" Nikashindwa kujizuia. "Na hiyo miguu, mama, imeelekea wapi?"

Bibi akaacha kuisukuma bembea. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Pande hazikuwepo, fundi! Jua lilikuwa bado!"

"Na jua lilipokuja, upande gani ulitangulia?"

Tukajibu pamoja kama watoto wa chuoni: "Mashariki!"

Tukatazamana. Kulala kichwa mashariki kwao ni kheri tupu. Miguu kuelekea magharibi kwetu haimkeri mtu. Tulikuwa tumeng'ang'ania kaskazini na kusini kana kwamba Mungu aliumba pande mbili tu!

Nilikingamisha boriti mpya ya mkoko juu ya zile za zamani, nikatundika upya. Fundi hujaribu kazi yake kwa uzito wake, nikakaa. Bibi akanisukuma. Akanisukuma tena! Kofia ikaruka, dari ikawa sakafu, na mimi, mwalimu wa chuo, nilipiga kelele za furaha ambazo wanafunzi wangu walizisikia barabarani na hawajaacha kunikumbusha.

"Sasa shuka," alisema, "nami niumbe dunia."

Akajilaza, kichwa mashariki. Bembea ilikwenda, ikarudi, na kabla haijatulia alikuwa anakoroma.

Mwanawe alifungua kreti la kwanza taratibu asimwamshe, akitoa misumari mmojammoja. Mji mzima ukajipanga mpaka nje, na siku ile sabuni Kivinje iliuzwa kwa kunong'ona. Mke wangu alipofika mbele alinyoosha vidole viwili tu, yaani sabuni mbili, kisha akaweka kimoja mdomoni, huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Nawe unayesoma, Mola akupe usingizi mwepesi na kuamka kwema, na popote uelekezapo kichwa chako, akukutanishe na jirani wa kucheka naye.