Siku ya Koti la Babu

Nyumbani kwetu kuna sikukuu ambayo huwezi kuikuta kwenye kalenda yoyote. Haina tarehe. Inaangukia siku inayofuata baada ya kumaliza kupiga alizeti, yaani vichwa vyote vikishapigwa fimbo na mbegu zikishaingia kwenye magunia. Tunaiita Siku ya Koti. Siku hiyo wakubwa ndio wanaowaamkia watoto.

Kama umekulia mahali ambapo shikamoo imelegea kidogo, ngoja nikueleze polepole, maana bila hilo sikukuu yetu haichekeshi. Huku kwetu, nje kidogo ya Ilongero, mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, hata kama ana ndoo kichwani, hata kama anakimbizwa na mbwa. Na baba yangu alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu. Ulimwamkia asubuhi, ukaenda kisimani, na ukirudi ulimwamkia tena, kwa sababu huenda ile ya kwanza hakuisikia vizuri.

Sikukuu ilianza kwa kosa lake mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu wa kiume alikuwa na tisa. Ilikuwa asubuhi ya Juni, alizeti tumeimaliza jana yake, upepo unapita mpaka mfupani, na mdogo wangu ametumwa kuangalia zizi. Hakuwa na sweta. Akachukua koti refu na kofia ya babu, baba yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, akatoka. Wakati anarudi, jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake. Baba alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Akaona koti na kofia vinakuja. Babu alikuwa mfupi, na uzee ulikuwa umemfupisha zaidi. Baba akatema povu haraka, akainama kidogo.

"Shikamoo baba."

Mdogo wangu angeweza kusema ukweli. Badala yake akakohoa kikohozi cha babu, akajibu kwa sauti nzito, "Marahaba. Ng'ombe wamelala salama?"

"Wamelala salama," baba akasema. Kisha akaona miguu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu. Sisi wengine tulisubiri fimbo. Lakini babu mwenyewe akatokea amejifunga blanketi, akauliza nani kachukua koti lake, na alipoelezwa akamgeukia baba. "Basi leo huyo ndiye baba yako. Mtii." Baba akatii kutwa nzima. Mwaka uliofuata, alizeti ilipokwisha, babu alilitoa koti yeye mwenyewe.

Tangu hapo aliye mdogo kuliko wote ndiye anayelivaa na kukalia kiti cha baba. Wakubwa wanamwamkia, naye anawatuma. Firigisi ya kuku, ambayo siku nyingine zote ni ya baba, siku hiyo ni yake. Majirani walikuwa wanakuja kumtazama baba akienda kuchota maji. Kuku wakipanda kulala, koti linarudi kwenye msumari na kila mtu anarudi kwenye umri wake.

Babu alifariki wakati mdogo wangu, sasa mtu mzima, yuko Rungwa kurina asali. Ni mbali, na huko kwenye mizinga simu haishiki. Siku zake za mwisho babu alikuwa akimtaja yeye tu. Ujumbe ulimfikia siku ya tatu. Alishuka kwenye pikipiki ana vumbi mpaka kwenye kope, na kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akamwendea baba mbele ya waombolezaji wote.

"Shikamoo baba."

"Umechelewa," baba akasema. "Shikamoo yako kaa nayo."

Akakaa nayo. Kwa miaka miwili, kila alipokuja nyumbani alimwamkia mama, akanisalimia mimi, akawaamkia majirani, na mbele ya baba akapita kama anavyopita mbele ya nguzo. Baba hakuweza kulirudisha neno lake. Mdogo wangu naye hakuweza kumpa mtu kitu alichokikataa. Niliwaelewa wote wawili, na kuelewa kwangu hakukusaidia chochote.

Kilichonipata mimi ni ganzi. Mguu ukiukalia muda mrefu hauumi, unakuwa tu si wako. Nafundisha darasa la kwanza, na miaka ile nilifundisha irabu, nilipiga makofi mtoto aliposoma vizuri, nilirudi nyumbani, nilisonga ugali. Siku ya Koti ilitupita mara mbili. Hakuna aliyeitaja.

Mwaka wa tatu mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, nakuja kuchukua vitu vyangu. Safari hii nikiondoka sirudi. Nimechoka kupita kwetu kama mgeni."

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. Alizeti ingekwisha Ijumaa.

Nilipomwambia mama kwamba tutaifanya Siku ya Koti, aliacha kuchambua mlenda. "Utacheka na nani?"

"Sijui, mama. Tutafanya tu."

Na ndivyo nilivyofanya, kama mtu anayeosha vyombo. Jumamosi asubuhi nikalikung'uta koti vumbi, nikamvika binti yangu wa miaka mitano, nikamkalisha kwenye kiti. Baba akatoka. Alipoliona koti alisimama, nikadhani atarudi ndani. Hakurudi.

"Shikamoo mzee," akamwambia mjukuu wake.

"Marahaba. Wewe kijana, umefagia zizi?"

"Bado, mzee."

"Bado! Unamngoja nani?"

"Alikuwa mvivu hivyo hivyo tangu ananioa," mama akasema kwa Kinyaturu, na majirani wawili waliokuwa wamesimama uani wakacheka. Mimi nilisogeza mdomo pale ulipotakiwa kusogea. Baba akachukua fagio akaenda zizini.

Alikuwa anarudi nalo wakati bodaboda inaingia. Mdogo wangu akashuka na mfuko mtupu wa kubebea vitu vyake, akauweka mlangoni. Mama akamuwahi.

"Shikamoo baba yangu."

Akashtuka, akatazama huku na huku, akaliona koti juu ya kiti na mtoto ndani yake. "Marahaba, mama," akasema taratibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

Kisha akageuka, na baba alikuwa mbele yake ameshika fagio. Majirani wakageuka kutazama. Hata mwenye bodaboda alizima injini. Mdogo wangu hakuweza kumwamkia baba, kwa sababu alikatazwa, na hata asingekatazwa, siku hiyo haikuwa zamu yake. Zamu ilikuwa ya baba. Ila sote tulijua kwamba baba akilisema neno lile halitakuwa mchezo mtupu.

Baba akalilaza fagio chini. Akaenda kwenye kiti.

"Mzee, naomba koti kidogo."

"La nini?" binti yangu akauliza.

"Kuna mtu wake amekuja."

"Utalirudisha?"

"Nitalirudisha."

Akamvua, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mwanawe, akamvika. Lilikuwa limeshakuwa dogo, mikono inaishia chini kidogo ya viwiko. Baba akarudi hatua moja nyuma, akainama kidogo kama asubuhi ile ya mswaki.

"Shikamoo baba."

Mdogo wangu alijaribu kukohoa kikohozi cha babu, kikamharibikia njiani.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Ng'ombe wamelala salama?"

"Wamelala salama." Baba akainuka. "Tulikungoja sana."

"Habari ilichelewa kunifikia, baba."

"Ilichelewa," baba akasema.

"Koti langu!" binti yangu akadai.

Tulikula kuku. Binti yangu alikula firigisi na koti lake mwilini. Nilipokuwa naosha masufuria nilingoja furaha inijie, haikuja. Kama na wewe imewahi kukutokea hivyo, usijilaumu. Moyo uliokaa kimya muda mrefu hauamki kwa sababu umeambiwa leo ni sikukuu.

Kuku wakapanda kulala. Nikalitundika koti, na kila mtu akarudi kwenye umri wake. Baba na mdogo wangu walikaa jioni nzima wanazungumzia bei ya asali na ukame, hakuna aliyemwamkia mwenzake. Ule mfuko ulikuwa bado mlangoni. Niliingia kulala bila kujua kama asubuhi utajazwa.

Asubuhi nilikuwa napuliza moto niliposikia baba akikohoa karibu na zizi. Mlango wa chumba cha mdogo wangu ukafunguliwa. Nyayo zikavuka uani, zikasimama.

"Shikamoo baba."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, sikuiweka chini wala sikuiteleka.

"Marahaba," baba akasema. "Umechelewa kuamka. Ng'ombe wanalia."

Nyayo zikaondoka mbio kuelekea zizini. Nikateleka chai. Kisha nikaenda mlangoni, nikauchukua mfuko mtupu, nikaukunja, nikaurudisha ndani.