Ubani Nje ya Mstari Mwekundu

Moto hauvuki mstari mwekundu, awe kaushika nani. Hiyo ndiyo sheria aliyopewa Mwatum Shaame alipoajiriwa kulinda lango la ghala la mitungi ya gesi huko Wesha, na hakuivunja, ingawa ilifika siku ambayo watu wazima wenye heshima zao walimtaka aivunje kidogo tu.

Mstari wenyewe ulikuwa wa rangi ya mafuta, mpana kama kiganja, umepigwa chini kutoka nguzo moja ya lango hadi nyingine. Kando yake palikuwa na sanduku la mbao, na kila aingiaye alitakiwa kuacha humo simu, kiberiti na sigara. Kabla ya hapo Mwatum alikuwa akikaanga samaki bandarini, na kabla ya samaki alichuma karafuu, kwa hiyo alizoea kusema na watu wa kila namna. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arubaini na ushei, mcheshi, mwenye sauti inayofika mbali bila ya kupandishwa.

Wakati ghala bado linatayarishwa, alimnasa mchukuzi mmoja, Nyange, kaficha sigara ndani ya kofia.

"Lakini haijawashwa, da Mwatum!"

"Na miye sijafa, lakini sanda nshaiweka. Hebu itie sandukuni."

Wachukuzi walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo walimwita Forodha, naye akaitika.

Aliyemfunza kazi alikuwa Abdulsamad, afisa usalama wa kampuni ya Bara iliyokuwa ikimletea gesi Nabhan, mwenye ghala. Aliwaeleza wafanyakazi kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Mtungi ukivuja, gesi haipandi juu kama moshi. Hutambaa chini kwa chini mpaka ikakutana na cheche. Ndiyo maana kila shehena ikishushwa, mitungi yote hupakwa maji ya sabuni, na penye tundu povu huchemka. Kabla ya kufanya hivyo hakuna ajuaye upi mzima na upi mbovu.

"Kwenye usalama hakuna mkubwa," alisema Abdulsamad.

"Hata miye mwenyewe nizuieni," alisema Nabhan.

Yalikuwa maneno mazuri. Maneno ya namna hiyo ni mepesi kusema mpaka aje mtu ambaye ni tabu kumkatalia.

Mtu huyo alikuwa Bi Moza, mama yake Nabhan. Katika ukoo wao hakukufunguliwa duka, wala gari halikutiwa barabarani, bila ya kusomwa dua na kufukizwa ubani kila pembe. Ubani huo aliuzungusha Bi Moza kwa mkono wake, katika chetezo cha udongo alichorithi kwa mama yake. Alilifukiza duka la vitambaa la Chake Chake, akaifukiza mashine ya kusaga, na zote zikaenda vizuri. Nani angemwambia aache?

Tena Bi Moza alimpenda Mwatum. Mama yake Mwatum aliwachumia karafuu miaka mingi, na Mwatum mwenyewe alikwenda kwake kila Ijumaa kumkanda magoti na kumpa habari za Wesha, mpaka bibi wa watu akajishika mbavu kwa kucheka. Mwaka huo Bi Moza alinuia kwenda Umra. Alishatangaza mbele za watu kwamba Mwatum ndiye atakayefuatana naye, amsukume kwenye kigari, na gharama zote juu yake. Mwatum hakuwahi kufika mbali zaidi ya Unguja. Alishashona nguo nyeupe, na akifagia lango alikuwa akijifunza Talbiya kwa sauti, Nyange akimsahihisha makusudi pasipo na kosa.

Siku ya ufunguzi ikafika. Ndani ya ua palitandikwa majamvi, na masinia ya pilau yakaletwa kutoka nyumbani kwa Nabhan. Alikuwepo sheha, mkuu wa mtaa, alikuwepo Shehe Hudhaifa wa kusoma dua, na Abdulsamad alishukia bandari ya Mkoani akiwa na shati jipya la kampuni. Tatizo moja: meli ya mitungi ilichelewa. Mitungi ilishushwa asubuhi hiyo hiyo, na maji ya sabuni yalikuwa bado kwenye ndoo.

Wageni waliacha simu zao bila ya ubishi. Sheha akatoa kiberiti mwenyewe kabla ya kuulizwa. Ndipo likasimama gari, na Bi Moza akateremka, mkono mmoja kamshika mjukuu wake Raniya, mkono wa pili kabeba chetezo juu ya kisahani, moshi unafuka.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, kisahani kinaunguza."

"Makaa hayo yamewaka, mama yangu."

"Sasa weye ulitaka nifukize kwa barafu?"

Wageni wakaangua kicheko. Mwatum naye akacheka, lakini hakusogea. "Moto hauingii humu. Hata sheha kaacha kiberiti chake."

"Sheha mvuta sigara huyo. Miye naleta baraka."

Nabhan akaja mbio, jasho linamtoka. "Mwatum, huyu ni Mama! Anazunguka mara moja, anatoka."

Mwatum akamgeukia Abdulsamad. Yeye ndiye aliyeileta sheria ile, na sasa ndiye aliyebaki kuitetea. Abdulsamad akatazama viatu vyake, kisha akatabasamu.

"Kwa kuheshimu mila za hapa," alisema, "dakika mbili tatu hivi… kampuni haina pingamizi."

Hapa lazima isemwe wazi. Kampuni ilimvusha bahari mtu huyu ili moto usiingie ghalani. Alipoona haya mbele ya wageni akauruhusu uingie, na woga wake akaupa jina la heshima. Bi Moza alifanya kama alivyolelewa. Nabhan na Abdulsamad walijua kuwa mitungi haijakaguliwa, na kosa ni lao.

Bi Moza alisogea karibu, akashusha sauti. "Mwatum. Unanitahayarisha mbele ya watu? Miye, ninayetaka kukupeleka Makka?"

Mwatum alizijua nguo nyeupe zilipo, zimekunjwa juu ya kabati. Nyuma yake alisikia watoto wakikimbizana juu ya majamvi, hatua chache tu na ile mitungi.

"Unipeleke, usinipeleke, Bi Moza," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikufika mbali, "moto hauingii."

Bi Moza alikuwa bado kasimama na kisahani chake, uso umemuiva. Mwatum hakuvumilia kumwona vile. Akaivua kanga aliyojifunika juu ya baibui, mpya kabisa.

"Nguo ya harusi tunaifukiza, bibi harusi akiivaa inanukia chumba kizima," alisema. "Basi nifukizie hii huku nje. Moshi ubaki na weye, harufu nitaiingiza miye."

Aliyejibu ni mke wa sheha, aliyepiga kigelegele kikali, akatoka nje ya lango huku akivua kanga yake. Wanawake wakamfuata. Chetezo kikapelekwa ng'ambo ya barabara, upande unakotoka upepo, mbali na lango. Likaletwa tenga la nazi, likafunikwa juu yake, kanga zikatandazwa. Shehe Hudhaifa naye akatoka na viatu mkononi, akasema dua na pilau vyote vitafuata palipo na watu. Wanaume wakayabeba masinia kuvuka barabara, na mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akanawa, akala.

Dua ilipokwisha, Mwatum alikung'uta kila kanga, akaigeuza mbele na nyuma kutafuta cheche, ndipo akairuhusu ivuke mstari. Wakaingia kwa msafara, wakazipunga kanga kati ya mitungi, kila pembe. Nyange alijitanda moja kichwani akatembea kwa madaha kama bibi harusi, na hapo Bi Moza, aliyekaa garini na sahani yake ya pilau, alicheka mpaka Raniya akampiga mgongoni.

Alasiri mitungi ilipakwa maji ya sabuni. Yote ilikuwa mizima.

"Forodha," alisema Nyange, "mbona haukuvuja hata mmoja?"

"Alhamdulillahi. Kwani weye ulitaka uvuje?"

Kulikuwa na waliolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba Mwatum alijisumbua bure. Hao hawajaelewa kitu. Asubuhi ile hakuna aliyejua, na sheria imewekwa kwa ajili ya asubuhi kama ile. Nabhan, kwa sifa yake, aliwakusanya wafanyakazi akasema kwamba aliyestahiki kusimama langoni siku ile ni yeye. Kampuni nayo ikaagiza shughuli zote za ufunguzi zifanyike nje ya uzio, bila ya kueleza agizo hilo limetoka wapi.

Ijumaa iliyofuata Mwatum alikwenda kukanda magoti kama kawaida. Bi Moza akamnyooshea miguu, akamuuliza habari za Wesha, akacheka palipochekesha. Habari ya safari hakuigusa. Ulipoingia mwezi wa Rajabu, Bi Moza alikwenda Umra na Raniya. Mwatum ndiye aliyewafungia mizigo.

"Umenikasirikia?" Bi Moza alimuuliza, akiwa kaketi juu ya sanduku ili lifungike.

"Nimekasirika, mama yangu. Hebu jizidishe uzito kidogo, zipu haifiki."

Wakacheka wote wawili, na zipu ikafika. Mwatum aliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege, akarudi Wesha kufungua lango. Kuuzuia moto ule kulimgharimu safari ya Umra, na mpaka leo hajakwenda.