Kikohozi Nyuma ya Pazia

Juzi nilimpeleka binti yangu shule mpya, na kwenye korido harufu ya polishi nyekundu ya sakafu ikanisimamisha. Mahakama ya kwetu ilinuka vivyo hivyo asubuhi ile nilipoitwa kueleza nani alimkata mama yangu kwa panga.

Nilikuwa darasa la tatu. Aliyemkata alikuwa baba mdogo, na alisimama kizimbani hatua chache tu kutoka kwangu, akinitazama bila kupepesa. Niliulizwa jina langu mara tatu. Mkojo ukanitiririka hadi kwenye soksi.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, aliona. Akaamuru watu watoke na pazia livutwe kati yangu na baba mdogo. Kisha akashuka, akaketi kando yangu kwenye benchi.

"Ongea Kiembu kama nyumbani, mami," akasema. "Karani atanitafsiria."

Nikaanza. Nyuma ya pazia baba mdogo akakohoa, kile kikohozi alichotoa kila alipofungua lango letu. Nikakatiza neno katikati, nikalitazama pazia.

"Hawezi kuvuka hapa," hakimu akasema. "Nitangoja."

Alingoja kweli, nami nikasema yote: ugomvi wa shamba, panga, mkono wa mama.

Baadaye baba mdogo alifungwa. Lakini siku ile nilipotoka, nyanya yangu, aliyemzaa baba mdogo, alikuwa mlangoni. Nikanyoosha mkono anishike kama siku zote. Aliificha mikono yake yote miwili ndani ya leso, akatangulia barabarani.