Makosa Yalipotoka Mekundu

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi moja mjini Shinyanga, nyuma ya mama aliyetoka Kishapu kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Ilikuwa safari yake ya tatu.

"Mama, ombi lako lilishatumwa," karani alimwambia bila kugeuza shingo. "Subiri ujumbe."

Kando yake fundi wa kompyuta alikuwa anaandika amri kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

"Humu maombi yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa yote yanatoka meupe," fundi alimwambia karani. "Ndiyo maana makosa yanakupita. Sasa nimeyawekea rangi nyekundu. Hebu tuma upya maombi ya mwezi huu."

Karani akabonyeza. Maandishi yakawa mekundu juu mpaka chini, nasi wa foleni tukanyoosha shingo.

Mama akagusa kioo cha dirisha kwa kidole. "Baba, hilo si jina la mwanangu? Mbona jekundu?"

"Limekataliwa," fundi akasoma. "Jina la baba mzazi halikuingizwa."

"Kwenye fomu nililiandika," mama alisema taratibu, kama mtu aliyechoka hata kukasirika.

Kwa kuwa sote tulikuwa tumeona, karani alilijaza jina palepale na ombi likapita. Kisha akamwinamia fundi sikioni, lakini tulimsikia.

"Yarudishe meupe. Watu wanasoma."

Juzi nimerudi kufuatilia ombi langu. Maandishi ya skrini yalikuwa meupe matupu, yanapendeza.

"Lako lilishatumwa," karani akaniambia. "Subiri ujumbe."