Mfungaji bora wa Rwambuzi na benchi lake tupu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Rwambuzi mjini Bunia. Osée amesimama mbele ya kibanda chake, randa mkononi, akilainisha ubao wa mkaratusi. Meza yake ya kazi ilitengenezwa kwa mtu wa kimo cha kawaida. Ameiinua kwa matofali miguuni, na bado anainama. Wapita njia wanamsalimu kutoka upande wa pili wa barabara, kisha wanaongeza mwendo.

Anatengeneza majeneza. Hapa watu wanayaita masanduku, na yeye wanamwita Osée wa masanduku. Kesho saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa saruji wa mtaa, jina litabadilika. Fundi huyu huyu wa miaka ishirini na saba atakuwa Mulefu, yaani mrefu, mshambuliaji wa timu ya mpira wa kikapu ya Rwambuzi, ambaye amefunga pointi ishirini na zaidi katika mechi tisa mfululizo.

Sifa zake zimefika mbali. Muuza maziwa mmoja anaapa kwamba alimwona akitumbukiza mpira kutoka katikati ya uwanja kwa mkono mmoja, na kila wiki umbali unaongezeka. Fanny, anayeuza mandazi kando ya uwanja na kuongoza nyimbo za mashabiki, hana haja ya kuongeza chumvi.

"Tangu nianze kuangalia basket, sijaona mutu anafunga hivi," anasema. "Akishika mpira, siye tunaanza kuimba hata hajaruka."

Kamati ya ligi ya mji nayo imeona. Imemchagua kuwa mchezaji bora wa msimu, na kesho atakabidhiwa kombe mbele ya watu wake.

Ungedhani mtu kama huyo amepata kila alichotaka. Nenda uwanjani uone. Kando ya mstari, upande wenye kivuli, kuna benchi la watu sita, limepigwa vanishi vizuri na miguu yake haitikisiki. Osée alilitengeneza mwanzoni mwa msimu akawapa mashabiki. Hakuna aliyewahi kulikalia. Wanasimama mechi nzima wakilizunguka, na mtoto akilisogelea mama yake anamvuta mkono. Ukiwauliza sababu, wanacheka kwanza, kisha wanageuza mazungumzo.

Mmoja tu alijibu, akiomba jina lake lisiandikwe. "Mbao ni moya na ile ya sanduku," alisema. "Mutu atakaa namna gani juu ya kitu ya maiti?"

Osée hakuchagua kazi hii. Alizaliwa Djugu, si mbali na Iga Barrière, katika familia ya wakulima. Vita viliwatoa huko akiwa kijana, wakaishi chini ya turubai kwenye kambi ya waliokimbia. Mjomba wake akamfundisha useremala. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mlango, na anaukumbuka mpaka komeo lake. Baada ya hapo maombi yakawa ya namna moja tu.

"Nilikuwa nataka kufanya meza, vitanda," anasema bila kuinua macho. "Lakini sanduku ndio kitu watu walikuya kuomba. Ungewaambia hapana?"

Kuna wiki aliyotengeneza matano. Wiki hiyo hakwenda mazoezini.

Mwaka jana alijaribu kutoka. Alitengeneza kabati la nguo, kazi safi, akaliweka mbele ya kibanda. Miezi sita ikapita na hakuna aliyeuliza hata bei. Mwishowe akalibomoa. Mbao zake zikawa jeneza, na jeneza likanunuliwa siku hiyo hiyo.

Hata nyumbani mambo si tofauti. Kitanda anacholalia na mkewe, Elodie, alikinunua kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji. Elodie ana mimba ya miezi saba na hafichi lililo moyoni.

"Bwana yangu namupenda sana," anasema. "Lakini nikilala juu ya mbao yake, usingizi haitakuya."

Ndiyo maana benchi lile si jambo dogo kwake. Kama watu wanaokauka koo kwa kuliimba jina lake hawawezi kulikalia, nani mwingine mjini Bunia atanunua meza yake, au kitanda chake? Atabaki na masanduku mpaka mikono ichoke. Analiwaza hilo kila mechi, na kila mechi anatupa jicho upande ule.

Alilitengeneza kwa ajili ya muzee Aaron, shabiki mkongwe aliyekuwa anasimama mechi nzima akiegemea fimbo. Mzee alishukuru kwa benchi, akalipapasa, akasema atakaa mechi nyingine. Mechi nyingine akasema vilevile. Mwezi wa pili wa msimu akaugua, na hakurudi uwanjani. Osée ndiye aliyemtengenezea jeneza, na hakulala mpaka vanishi ilipokauka.

Kwa desturi yao, mashabiki humchangia zawadi mchezaji bora. Wiki hii Fanny alikuja kibandani, akabaki nje, akamwuliza anapenda nini. Wao walikuwa wamefikiria mbuzi.

"Mbuzi hapana," Osée alimjibu. "Mukae tu pa benchi. Hata mechi moya."

Fanny aliupeleka ujumbe kwa wenzake. Wakabishana hadi jua likazama, wakaachana bila kuafikiana. Mbuzi wangemnunua siku hiyo hiyo.

Jumapili, uwanja umefurika. Wageni ni timu kutoka Mahagi, vijana wenye nguvu, lakini leo hawana dawa ya Mulefu. Anafunga pointi ishirini na sita. Mechi ya kumi. Nyimbo zinavuka ukuta wa uwanja na waendesha pikipiki wanasimama barabarani kusikiliza. Kisha mjumbe wa kamati anaita jina lake, lile kamili, na Osée anapokea kombe kwa mikono miwili.

Halitazami kombe. Anatazama benchi. Liko tupu, na mashabiki wanaona anachokitazama. Wimbo unapungua, unakatika. Watu wanaangalia miguu yao. Ni aibu, na hakuna asiyeijua.

Hapo anatokea mama Godelive, mjane wa muzee Aaron. Anapita katikati ya watu polepole, anafuta vumbi la benchi kwa pindo la kitenge chake, anakaa.

"Bwana yangu analala mu mbao ya huyu mutoto," anasema, akiwageukia. "Alimulaza vizuri. Miye nitaogopa kukaa?"

Kisha anasogea ili kuacha nafasi. Fanny anakaa, machozi yakimlengalenga. Wawili wengine wanafuata. Ukweli usemwe, wengi wanabaki wamesimama, na nafasi mbili hazipati mtu. Lakini Osée ameshaweka kombe chini na kujifunika uso kwa jezi, na mabega yake yanatikisika.

Jumatatu asubuhi kuna jeneza mezani, maana msiba hausubiri ligi. Ila pembeni yake zimesimamishwa mbao nne fupi, zimelainishwa pande zote. Elodie aliingia kibandani jana jioni, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alizishika mbao moja moja, akamwambia kitanda cha mtoto akitengeneze yeye.

"Naanza leo, kabla hajabadilisha roho," anasema Osée, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Anatumaini kitanda hicho kitaonekana na majirani, na siku moja atapata kazi ya meza, kisha ya kabati. Vipimo vya mtoto mchanga anavijua kwa kichwa. Ameshavikata mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Anaweka alama ya penseli kwenye ubao, anaitazama, anaifuta kwa kidole. Anaweka nyingine, mbali zaidi.

"Huyu atakuwa mulefu," anasema. "Lazima nafasi ibaki."