Msikilizaji wa Maonyo 1,312

Saa mbili asubuhi. Mvua laini inateleza kwenye kioo cha dirisha, maneno ya njano yanateleza kwenye skrini, na mwanamke ambaye wenzake humwita Shangazi amefumba macho nusu, kama anayesikiliza watu wakizungumza chumba cha pili.

Ni maonyo 1,312. Yanatoka kwenye kompaila, kitafsiri kinachogeuza maandishi ya waandishi wa programu yawe lugha ya mashine. Likiwapo kosa, hugoma. Likiwapo onyo, huguna tu, kisha huendelea.

"Mengi ni kelele za kuku," anasema taratibu, kama usingizini. "Lakini yupo kuku anayelia kwa sababu kamwona nyoka."

Ofisi hii hutengeneza programu ya mashine za dripu za watoto wachanga. Miaka sita iliyopita, kazi ilipochelewa, wakubwa waliamuru maonyo yazimwe. Mstari mmoja tu wa amri, kimya kikatanda, nao wakapandishwa vyeo. Wao wamesahau, sisi tuliobaki kwenye meza hizi hatujasahau. Shangazi yuko kwenye mkataba wake wa kumi na moja wa miezi mitatu mitatu. Juzi aliyawasha tena maonyo hayo.

"Shangazi, kompaila ni mama mkwe," anatania jirani yake wa meza. "Ananung'unika, lakini chakula anakula."

"Akikwambia sufuria inaungua, utamziba mdomo au utazima jiko?"

Jirani anacheka, kisha anainama kutazama. Kidole cha Shangazi kimetua kwenye skrini: uzito wa mtoto, umepokelewa, haujatumika.

Lugha hii ya programu ndivyo ilivyo: inakuruhusu upokee kitu na usikitumie kamwe. Muuguzi anaandika kilo mbili, mashine inaitikia, halafu inapima dripu kana kwamba watoto wote wana kilo tatu na nusu.

Mkuu wa kitengo anaingia. Toleo jipya linatoka saa sita mchana.

"Dada yangu, si kompaila imekubali? Tia sahihi."

"Imekubali huku inalia, bosi. Sitii sahihi. Na hospitali zipigiwe simu sasa hivi, mashine walizo nazo zina kosa hili hili."

"Mkataba wako unaisha Ijumaa, unajua?"

"Najua. Soma hapa."

Anasoma. Anasoma tena. Anavuta kiti, anashika simu, na anamwomba muuguzi wa kwanza asimamishe mashine.

Saa sita inapita, toleo halijatoka. Mkataba wa Shangazi bado unaisha Ijumaa.

Shangazi anatazama mvua. "Natamani asubuhi moja niiwashe kompaila ikae kimya," anasema. "Si kwa kuzibwa mdomo. Kwa kukosa la kusema."